Majeraha Makubwa ya Pamoja: Maana Yake kwa Kijana na kwa Mzee

Majeraha makubwa ya pamoja ni hali ambayo mtu ameumia kwa wakati mmoja katika sehemu mbili au zaidi za mwili, na majeraha hayo yakijumlishwa yanahatarisha uhai wake hata kama hakuna moja kati yake ambalo peke yake lingemuua. Paja lililovunjika peke yake, hata likiwa limevunjika vibaya, haliingii katika maana hiyo. Paja lililovunjika pamoja na mbavu na pafu lililochubuka linaingia. Damu inayovujia ndani ya paja, pafu lisilojaa hewa vizuri, na kemikali zinazomwagika katika damu kutoka kwenye misuli iliyopondeka hukutana katika mwili mmoja, na kila moja huzidisha madhara ya mwenzake.

Ukubwa wa hali hiyo hupimwa kwa alama. Mwaka 1974 Susan Baker na wenzake nchini Marekani walichapisha kanuni ambayo bado inatumika sana katika hospitali na katika utafiti. Mwili hugawanywa katika maeneo sita: kichwa na shingo, uso, kifua, tumbo, mikono na miguu pamoja na fupanyonga, na mwisho ngozi. Kila jeraha hupewa namba, kuanzia 1 kwa jeraha dogo hadi 6 kwa jeraha ambalo kwa kawaida halina tiba. Kisha huchukuliwa namba ya juu kabisa kutoka katika kila eneo kati ya maeneo matatu yaliyoumia zaidi, kila namba huzidishwa kwa yenyewe, na majibu hujumlishwa. Jumla ya juu kabisa ni 75, nayo hupewa moja kwa moja mwenye jeraha lolote la namba 6, na kwa kawaida anayefikisha 16 huhesabiwa kuwa na majeraha makubwa.

Tuchukue majeruhi wawili wa mfano. Wa kwanza ni kijana wa miaka 24 aliyegongwa na gari akiwa juu ya bodaboda. Amevunjika mfupa wa paja katikati, pamoja na mbavu nne. Wa pili ni bibi wa miaka 78 aliyeteleza bafuni na kuangukia ukingo wa sinki; amevunjika paja karibu na nyonga, naye pia mbavu nne. Paja hupewa 3 na mbavu hupewa 3. Tatu mara tatu ni tisa, na tisa kuongeza tisa ni 18. Kwa hesabu hiyo wawili hawa wako sawa, ilhali yeyote aliyewahi kushika zamu katika wodi ya majeruhi anajua kwamba hawako sawa hata kidogo. Kijana ana nafasi kubwa ya kutoka hospitalini akitembea kwa magongo, na bibi yumo katika hatari ya kweli ya kufa ndani ya wiki chache. Kanuni ya mwaka 1974 huhesabu kilichovunjika tu, bila kuuliza mwili huo ulikuwa na akiba gani ya nguvu kabla ya kuumia.

Pengo hilo ndilo jopo la kimataifa la wataalamu lililojaribu kuliziba mwaka 2014, kwa kutumia takwimu za sajili ya majeruhi ya Ujerumani, katika kile kinachoitwa ufafanuzi wa Berlin. Ufafanuzi huo unadai mambo mawili: majeraha ya namba 3 au zaidi katika maeneo mawili au zaidi, na angalau ishara moja kati ya tano kwamba mwili unaelemewa. Ishara nne hupimwa kitandani au maabara: namba ya juu ya shinikizo la damu isiyozidi 90, fahamu zilizoshuka hadi 8 au chini yake katika kipimo cha Glasgow, ambacho mwenye fahamu kamili hupata 15, damu yenye asidi kupita kiasi, na damu inayoshindwa kuganda. Ishara ya tano ni umri wa miaka 70 au zaidi. Naona uamuzi huo ulikuwa wa busara kubwa, kwa sababu unauweka uzee katika safu moja na kushuka kwa shinikizo la damu. Kijana wetu, ikiwa shinikizo lake ni 120, anajibu maswali vizuri, na damu yake haina asidi kupita kiasi na inaganda vizuri, hajatimiza ufafanuzi huo. Bibi ameutimiza tangu alipogonga sakafu.

Mifupa inayovunjika nayo hutofautiana. Mfupa wa kijana ni mgumu, hivyo ukivunjika maana yake ni kwamba nguvu kubwa imepita hapo, na nguvu hiyo haiishii mfupani bali huchana misuli na mara nyingi hupasua ngozi. Ndiyo maana kwa vijana wanaoletwa kutoka barabarani tunaona zaidi paja lililovunjika katikati, ambalo pekee linaweza kumwaga ndani ya misuli lita moja ya damu au zaidi, na muundi uliotokeza nje, kwa kuwa upande wake wa mbele umefunikwa na ngozi tu. Huonekana pia mifupa ya nyayo iliyopondeka, na fupanyonga lililofunguka kwa mbele.

Kwa mzee njia ni nyingine kabisa. Uzito wa mifupa hufikia kilele mtu akiwa na umri wa miaka 30 hivi, kisha hupungua polepole, na kwa wanawake hupungua kwa kasi zaidi baada ya hedhi kukoma. Ripoti ya mwaka 2017 ya sajili ya majeruhi ya Uingereza na Wales ilionyesha kwamba sababu kuu ya majeraha makubwa kwa watu wa zaidi ya miaka 60 ni kuanguka kutoka kimo kisichofika mita mbili, yaani mara nyingi kuanguka kwa mtu aliyekuwa amesimama tu. Mifupa yake huvunjika karibu na maungio, mahali ambapo ndani yake ni sponji: nyonga, bega, kifundo cha mkono, pingili za mgongo. Pingili ya pili ya shingo ni ya kuangaliwa kwa makini, kwa sababu mzee anaweza kuivunja kwa kugonga paji la uso sakafuni, akalalamika maumivu ya shingo tu, na akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu.

Hatari yenyewe hujificha. Mzee anayetumia dawa za kupunguza mapigo ya moyo anaweza kupoteza damu nyingi huku mapigo yake yakibaki 75. Aliyezoea shinikizo la 160 akionekana na 105 huandikwa kuwa yuko salama, kumbe mwili wake umeanza kukosa damu ya kutosha; miongozo ya Marekani ya kuchambua majeruhi huchukulia chini ya 110 kuwa dalili ya hatari kwa wenye umri wa miaka 65 na zaidi. Kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, mvunjiko wa fupanyonga ambao kwa kijana ungeachwa upone wenyewe unaweza kuhitaji chupa kadhaa za damu. Kwa hiyo swali kuhusu dawa anazotumia nyumbani ni la dakika ya kwanza, na ndugu aliyemleta afadhali afike na vidonge vyenyewe mkononi.

Mbavu zinastahili kutajwa peke yake. Utafiti wa Seattle uliochapishwa mwaka 2000 uligundua kwamba kwa wenye miaka 65 na zaidi, kila ubavu mmoja ulioongezeka kuvunjika uliongeza uwezekano wa kufa kwa asilimia 19 na wa nimonia kwa asilimia 27. Mzee anayeogopa kukohoa kwa maumivu huacha makohozi yatuame mapafuni, kwa hiyo kumtuliza maumivu barabara, ikiwezekana kwa ganzi ya mishipa ya fahamu ya mbavu, ni sehemu ya tiba ya mapafu yake.

Kuhusu upasuaji, paja la kijana aliyetulia hupachikwa chuma ndani ya mfupa mapema. Aliyeelemewa hufungwa kwanza vyuma vya nje, na kazi kubwa husubiri siku kadhaa hadi mwili utulie. Nyonga ya mzee haifai kusubiri hivyo: inatakiwa kufanyiwa upasuaji ndani ya siku moja au mbili, kwa sababu kila siku ya kulala huleta vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni na nimonia. Ugumu ni kwamba skrubu haishiki vizuri katika mfupa wake, kama msumari katika mbao iliyoliwa na mchwa, hivyo daktari huchagua chuma kinachofaa mfupa dhaifu, au hubadilisha sehemu ya kiungo au kiungo chote, ili mzee aweze kukanyagia mguu siku inayofuata. Kisha mfupa wenyewe nao hupimwa na kutibiwa, pamoja na macho yake, dawa zinazomletea kizunguzungu na sakafu ya bafu lake, kwa kuwa aliyevunjika nyonga moja yuko katika hatari kubwa ya kuvunjika ya pili.