Anaruka vizuri, kutua ndiko hajui

Jumapili nilikuwa kwa jirani yangu, ghorofa ya nne hapa Umoja, nikaisikia tena ile sentensi: "Huyu kasuku hajui kuruka. Ni mzembe tu." Aliyesemwa ni wa kijani, uso rangi ya machungwa, anaenea kiganjani, wa jamii ile iliyojaa miti ya Naivasha, ingawa asili yao ni kaskazini mwa Tanzania. Alikuwa ametoka juu ya pazia, akavuka sebule nzima, akapita utosini pangu, frrr, halafu kucha zikakwaruza juu ya friji, akateleza na kutumbukia kwenye kikapu cha nguo. Sasa hiyo sebule aliivuka kwa miguu?

Kuruka ni kuachana na ulichokikanyaga. Basi.

Tatizo ni kwamba neno hili tumelitwika kila kitu. Chura anaruka, mtoto anaruka kamba, mwizi anaruka ukuta, msomaji anaruka mstari, na hapa Nairobi mtu akikuahidi halafu akakana, amekuruka. Kote humo kinachosemwa ni kuondoka, au kupita bila kugusa. Hakuna panapotajwa mwisho wa safari. Ndiyo maana neno hili halifai kumhukumia ndege anayeanguka.

Jirani mwenyewe hana udhuru, maana Kikuyu chake kinatenganisha: kũrũga ni kwa mbuzi na watoto, kũmbũka ni kwa mwenye mabawa. Kinyarwanda nacho kina gusimbuka kwa wa ardhini na kuguruka kwa wa angani, na hilo la pili ukilitega sikio utasikia ukoo wake na kuruka yetu. Waganda wako upande wetu, kubuuka kwao kunabeba yote mawili.

Kinachoniudhi ni kwamba ndege ya chuma tumeipa heshima yake. Mtangazaji atakwambia imepaa kutoka JKIA na imetua Kisumu, vitenzi viwili, kila kimoja mahali pake. Huyu mwenye manyoya, ambaye ndiye mwenye jina la ndege tangu hapo, tunamwachia kuruka peke yake.

Na kutua ni neno zito. Mchukuzi anatua gunia. Kasuku naye anatua mzigo, ila mzigo ni mwili wake mwenyewe: apunguze kasi, ainue kifua, atandaze mkia, atangulize miguu, yote kabla hujapepesa jicho. Kuondoka kunamjia wenyewe. Haya mengine hujifunza kwa kukosea, katika majuma ya kwanza baada ya kutoka kiotani. Wengi hawakuyapata. Walipunguzwa manyoya ya mabawa mapema, wakaingia tunduni, wakalishwa alizeti hadi wakanenepa. Siku manyoya yanapokamilika tena, nguvu ya kuondoka ipo, breki hazipo. Juu ya friji hapakamatiki, na kioo cha dirisha kwake ni njia.

(Nikiwa hapo hapo: wanaosema kasuku "amekatwa mabawa" nao wapunguze. Bawa ni mfupa na nyama. Kinachokatwa kwa kawaida ni ncha za manyoya marefu, kitu kama kucha, na ya zamani yakipukutika mapya huota. Wapo ndege wanaokatwa bawa lenyewe, na hao hawarudi tena hewani.)

Kasuku asiyeweza kuruka kweli ni mmoja tu duniani, kakapo wa New Zealand, bonge la ndege linalotembea usiku na kupanda miti kwa kucha. Huyo mwiteni asiyeruka. Wa Umoja hastahili.

Na "mzembe"? Mzembe ni mwenye uwezo asiyejali. Huyu alijitoa kwenye kikapu, soksi ikiwa imenasa kidoleni, akapanda pazia kwa mdomo, akajaribu tena friji ile ile. Hiyo si tabia ya mzembe.

Kwa hiyo, jirani, sema hajui kutua. Halafu tandaza taulo juu ya hiyo friji, shusha pazia dirishani unapomtoa, na jiko likiwa linawaka asitoke.