Matundu kwenye sukuma wiki si dalili kwamba haina dawa

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya mitaa ya Nairobi: ukienda kwa mama mboga, chagua sukuma wiki yenye matundu, kwani kama mdudu ameila, basi haina dawa.

Nia ni njema, lakini matundu yanasema tu kwamba kiwavi alipita. Jani likishatobolewa halijizibi. Mara nyingi mkulima huchukua pampu baada ya kuona uharibifu, na matundu ya juzi hubaki kwenye jani lililopuliziwa jana. Ukilima sukuma kwenye gunia, funga uzi kwenye jani lenye tundu: kiwavi ataondoka, tundu litabaki. Isitoshe, viwavi wa nondo wa kabichi wamekuwa sugu kwa dawa nyingi.

Jani zima nalo huenda lilikuzwa chini ya neti, au lililindwa na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi, au kwa bakteria Bacillus thuringiensis, ambayo humuua kiwavi akiila. Huenda pia lilipuliziwa kemikali. Mabaki hayaonekani kwa macho, hupimwa maabara.

La kuuliza ni hili: ilipuliziwa lini, ikavunwa lini? Lebo ya dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kuosha kwa maji yanayotiririka hupunguza mabaki ya juu, si yale yaliyoingia ndani ya jani.

Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Aliyeutuma mweleze tu kwa upole.