Desemba 8: ni mimba ya nani?
Waumini wengi wa Kikatoliki Dar es Salaam huamini kuwa sherehe ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, Desemba 8 (mkesha wa Uhuru), inahusu Maria kuchukua mimba ya Yesu. Si ajabu: Injili inayosomwa siku hiyo ni Luka 1:26-38, Gabrieli akimpasha habari Maria. Kinachoadhimishwa, hata hivyo, ni Maria mwenyewe kutungwa tumboni mwa mama yake, Anna, bila dhambi ya asili, ile ambayo wanadamu hurithi kutoka kwa Adamu. Fundisho lilitangazwa rasmi mwaka 1854. Sherehe ni ya kale zaidi.

Chukua kalenda ya parokia, uhesabu miezi tisa. Desemba 8 inakufikisha Septemba 8, Kuzaliwa kwa Bikira Maria. Miezi tisa ya mimba ya Yesu huanzia Machi 25, hadi Krismasi. Novena, yaani sala za siku tisa kabla ya sherehe, nayo huanza Novemba 29; ukianza 30, siku ya tisa inaangukia sherehe yenyewe.