Njia ya baiskeli iliyokingwa ni ipi hasa, na ugomvi wake unatoka wapi

Mtu wa Tabora humwelezi umuhimu wa baiskeli, kuna anayetoka nayo Ipuli mpaka sokoni, kuna aliyefunga magunia ya mkaa nyuma mpaka yeye mwenyewe haonekani, na wote wanabanana pembeni ya lami huku basi linawapigia honi.

Sasa njia iliyokingwa ni ile yenye kitu kigumu kati yako na gari: ukingo wa zege, vinguzo, au hata magari yaliyopaki kama New York walivyofanya 9th Avenue mwaka 2007, paking ikasogezwa kule kwenye magari, baiskeli zikapita kwa ndani. Mstari wa rangi tu sio kinga, bodaboda anaukanyaga na muda si mrefu kirikuu kimepaki hapo kinashusha soda.

Ugomvi ni wa nafasi, maana ukimpa baiskeli lazima umpunguzie mwingine. Mwenye duka anauliza mteja wangu atapaki wapi, dereva anaogopa foleni, na wanasiasa nao wanaingia humo, kule Kanada jimbo la Ontario lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuondoa baadhi ya njia hizo Toronto wakati jiji lenyewe lilishazijenga. Uholanzi nako hawakuzaliwa nazo, mwaka 1971 watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani, wazazi wakaingia mtaani, halafu 1973 mafuta yakaadimika, ndo serikali ikaanza kuzijenga.

Ila mimi naona watu wanabishania sana barabara iliyonyooka na kusahau makutano, na kwenye makutano ndo kuna hatari zaidi, gari linakata kushoto, wewe unaenda moja kwa moja, ukingo umeishia hapo na dereva hakukuona kabisa. Ndo maana wanaojua kazi wanaweka kisiwa kidogo cha zege kwenye kona ili gari likate taratibu, au taa ya kuongozea baiskeli peke yake.

Na upana jamani! Ukichora njia ya mita moja, yule wa mkaa akiingia hakuna wa kumpita mpaka mwisho wa safari. Ukiipanua, boda nao wanaona wamejengewa. Ukibana mlango kwa vinguzo boda asiingie, magunia nayo hayapiti.