Mwenye Mji na Mpangaji: Jumuiya ya Wasanii Inayojitegemea Mtandaoni ni Ipi?

Kwa mara nyingine nimemsikia mchoraji, mtu makini ambaye kazi zake nazipenda, akiwatangazia wenzake kwamba kundi lao limeachana na mitandao ya makampuni makubwa na sasa lina jukwaa lake lenyewe linalojitegemea. Nilipouliza jukwaa hilo liko wapi, nilielekezwa kwenye grupu la WhatsApp. Neno hilohilo nimewahi kulisikia likitumiwa kwa chaneli ya Telegram, kwa ukurasa wa Facebook, na hata kwa tovuti ya kuuzia picha ambayo wanaoipakia kazi zao hawana sauti yoyote katika uendeshaji wake.

Maana yenyewe haihitaji maneno mengi. Jumuiya ya wasanii inayojitegemea mtandaoni ni mtandao wa kijamii ambao wasanii wenyewe, au mtu waliyemwamini kati yao, huuendesha kwenye seva wanayoisimamia (kompyuta inayohifadhi na kuhudumia mtandao huo), kwa kutumia programu huria, kwa jina la kikoa, yaani anwani ya mtandaoni, walilolisajili wao na kwa kanuni walizojiwekea. Mfano unaofahamika ni mastodon.art, iliyoanza mwaka 2017 na kuwa makazi ya watu wa sanaa za aina nyingi. Inatumia Mastodon, programu iliyoanzishwa na Eugen Rochko nchini Ujerumani mwaka 2016, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuisimika na kuirekebisha bila kulipa ada.

Tatizo liko kwenye neno "kujitegemea", na zaidi kwenye neno ambalo tungepaswa kulitumia pamoja nalo lakini hatulitumii, yaani "mwenyeji".

Kwa Kiingereza, kazi ya kuiweka programu kwenye seva na kuihudumia hutajwa kwa neno *host*, lenye asili katika neno la Kilatini *hospes*, ambalo lilibeba maana mbili kwa pamoja: anayekaribisha na anayekaribishwa. Labda ndiyo sababu tafsiri za Kiswahili ninazokutana nazo hutangatanga. Wengine huandika "kujikaribisha", kana kwamba mtu amevamia karamu isiyo yake, na wengine huandika "kujihifadhi", neno ambalo kwa msomaji wa kawaida linahusu usalama au staha. Sisi tuna neno lililo bora kuliko hayo yote. Mwenyeji, kwa asili yake, ni mwenye mji. Na mji katika matumizi ya zamani haukuwa lazima uwe jiji lenye barabara na soko, bali ulikuwa makazi ya watu wa jamaa moja yaliyozungushiwa ua, yenye lango na wazee wake. Maana hiyo bado imo katika jina Mijikenda, miji tisa, watu wa pwani ya Kenya ambao kila kundi lao lilikuwa na kaya yake ndani ya msitu. Mwenyeji, basi, si mtu anayekaa mahali tu, kwa kuwa hata mpangaji hukaa. Mwenyeji ndiye mwenye lango: anajua nani ameingia, anaweza kumkatalia anayekuja kwa shari, na mgeni akidhurika ndani ya ua wake, lawama ni yake.

Ukilipima grupu la WhatsApp kwa kipimo hicho, utaona mahali wengi wanapojikwaa. Kiongozi wa grupu anaweza kuingiza watu na kuwatoa, anaweza kubadilisha jina na picha, anaweza hata kuandika kanuni, na uwezo huo ndio unaomfanya adhani kwamba yeye ni mwenyeji. Lakini mpangaji pia huchagua rangi ya mapazia na mgeni wa kulala kwake. Swali la kumtofautisha ni moja: je, unaweza usiku huu kuinakili hifadhidata yote, pamoja na picha, majina ya wanachama na mazungumzo yao, ukaizima seva hii na kesho ukaiwasha jumuiya ileile kwenye seva nyingine, chini ya anwani ileile, bila kumwomba mtu ruhusa? Msimamizi wa seva ya Mastodon anaweza, ingawa ni kazi ya kutoa jasho. Kiongozi wa grupu hawezi. Nalifahamu kundi la wapiga picha lililopoteza kazi za miaka sita siku akaunti iliyofungulia ukurasa wao ilipofungiwa, na barua zao zote za kukata rufaa zilijibiwa na mashine.

Sasa nirudi kwenye "kujitegemea", kwa sababu wapo pia wanaokosea kwa kuzidisha, wakidai kwamba asiyemiliki kompyuta yenyewe, chumba chake na nyaya zake hajajitegemea. Neno hili lina historia kwetu. Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililolifanya kuwa nguzo ya siasa ya Tanzania, halikukataza kupokea msaada wa nje. Lilichokataa ni kuufanya msaada huo kuwa msingi wa maendeleo. Tofauti hiyo inafaa sana hapa. Jumuiya inayokodi seva katika kituo cha data cha kampuni fulani inaweza kubaki yenye kujitegemea, mradi inaposhindwana na kampuni hiyo iweze kubeba vyake na kwenda kukodi kwingine. Hata jina la kikoa ni la kukodi, hulipiwa mwaka hadi mwaka, na asiyelipa hulipoteza. Hakuna mwenye mji ambaye hachoti maji popote. Jambo la kujiuliza ni kama kisima kikifungwa, mji utavunjika.

Kuwa huru, vilevile, si sawa na kujitegemea. Mfano mzuri ni Cara, mtandao wa wasanii ulioanzishwa na mpiga picha Jingna Zhang, ambao hauna uhusiano wowote na makampuni makubwa ya mitandao na umekataa wazi picha zilizotengenezwa na akili unde (AI). Katikati ya mwaka 2024, wasanii walipokasirishwa na mpango wa Meta, kampuni inayomiliki Facebook, wa kutumia machapisho ya hadharani kufundishia mifumo yake ya akili unde, Cara ilipanda ndani ya takriban wiki moja kutoka watumiaji wapatao 40,000 hadi karibu 650,000, na mwanzilishi wake akaletewa bili ya zaidi ya dola 96,000 kwa huduma ya seva za kukodi. Cara ni huru, na nia yake naiheshimu kwa dhati, lakini ni nyumba moja kubwa yenye mwenye nyumba mmoja, hata kama mwenye nyumba huyo ni msanii mwenzetu.

Kinyume chake pia kipo. Mwezi Aprili 2017, kampuni ya Kijapani ya Pixiv, inayojulikana sana na wachoraji, ilifungua seva ya Mastodon iliyoitwa Pawoo. Programu ilikuwa huria, lakini seva ilikuwa mali ya kampuni, na mwezi Desemba 2019 ilikabidhiwa kampuni nyingine, kwa uamuzi wa wamiliki na si wa waliokuwa wakichapisha michoro yao humo. Kwa hiyo anayesema "tuko Mastodon, maana yake tunajitegemea" naye amekosea. Mastodon ni programu. Mwenyeji ni nani, hilo ni swali jingine, na jibu lake hupatikana katika sehemu ya pili ya anwani ya akaunti, ile inayofuata jina la mtu, kama ilivyo kwenye barua pepe.

Seva za Mastodon huzungumza kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwezi Januari 2018, na ndiyo inayomwezesha mchoraji aliye kwenye seva ya watu mia mbili kufuatwa na mtu wa seva nyingine kabisa, au na mtumiaji wa Pixelfed, ambayo ni programu tofauti iliyotengenezwa kwa ajili ya picha. Mfumo huu ni shirikisho, neno linalotokana na kushiriki, na kila mshiriki hubaki na lango lake. Seva nyingi za nje ziliifungia Pawoo au kuiwekea mipaka kwa sababu ya aina ya michoro iliyoruhusiwa huko ambayo wao hawakuikubali, na hakuna makao makuu yaliyoamua hivyo. Kila mwenye mji aliamua kwake.

Uenyeji huo una gharama, na kwa wasanii gharama hiyo ni nzito kuliko kwa waandishi. Picha hula nafasi, na seva hutunza kwa muda hata nakala za picha zinazotoka seva nyingine ambako wanachama wake wanawafuata watu. Mwanachama anayehama seva anaweza kuhamisha wafuasi wake, lakini Mastodon haimhamishii machapisho yake ya zamani, hivyo albamu aliyoijenga kwa miaka hubaki alikotoka.

Kwa hiyo, ndugu zangu wachoraji, grupu lenu liiteni grupu letu, na ukurasa wenu uiteni ukurasa wetu kwenye mtandao wa fulani. Hakuna aibu katika kupanga. Wengi wetu tumefanya kazi nzuri tukiwa wapangaji, na mchoraji niliyeanza naye yumo. Ila neno "linalojitegemea" naomba tuwaachie wale wanaolipia kikoa kila mwaka, wanaotunza nakala ya akiba ya hifadhidata, na ambao miongoni mwao yupo mtu wa kuamka saa nane za usiku seva inapozima.