Mpaka wa Misri na Sudan haukuchorwa Berlin

Wengi wanaamini mipaka yote iliyonyooka ya jangwani Afrika ilichorwa kwenye mkutano wa Berlin 1884-85, ule wa mataifa ya Ulaya kuhusu kugawana Afrika, rula mezani basi. Kiukweli mkutano ule uliweka hasa kanuni, mistari mingi ilikuja baadaye kwa mikataba mingine.

Cheki Misri na Sudan, mkataba wa 1899 kati ya Uingereza na Misri ulisema mpaka ni latitudo 22 kaskazini, halafu 1902 ukachorwa mstari wa utawala kufuata malisho ya makabila, Hala'ib (eneo la pwani ya Bahari ya Shamu) ikawa chini ya Sudan na Bir Tawil (kipande cha jangwa bara) chini ya Misri, ndo maana leo Misri inashikilia wa 1899, Sudan wa 1902, wote wanaitaka Hala'ib na Bir Tawil hakuna anayeidai!

Hakikisha mwenyewe, fungua ramani kwenye simu, vuta karibu pale latitudo 22 inapokutana na Bahari ya Shamu, utaona mistari ya vipande vipande, afu usome mkataba wa Berlin wenyewe, upo mtandaoni.