Je, wajua? Walowezi wa Marekani hawakupita njia ya Lewis na Clark

Ukiuliza safari ya Meriwether Lewis na William Clark iliacha nini, jibu la haraka ni "njia". Kwamba wao walitangulia kuvuka bara la Amerika, wakaonyesha pa kupita, na nyuma yao yakafuata magari ya maksai yaliyofunikwa kwa turubai, familia nzima ndani, yakielekea Oregon. Jibu hili linakaa akilini vizuri mno, ndiyo maana halitoki kirahisi. Lakini chukua ramani ya safari yao uilinganishe na ile ya Njia ya Oregon, ambayo walowezi waliifuata kweli. Zinaachana mapema kwenye nyanda, hazikutani tena hadi karibu na mto Columbia, na penye Milima ya Rocky, mahali ambapo njia ndiyo inahitajika zaidi, moja ipo mamia ya kilomita kaskazini ya mwenzake.

Usuli wake kwa ufupi. Mwaka 1803 Rais Thomas Jefferson aliinunua Louisiana, eneo kubwa la magharibi ya mto Mississippi, kutoka Ufaransa kwa dola milioni 15, na akamwagiza Lewis atafute njia ya maji ya kibiashara hadi bahari ya Pasifiki. Kundi liliondoka karibu na St. Louis tarehe 14 Mei 1804, likarudi tarehe 23 Septemba 1806. Matumaini yalikuwa kwamba mto Missouri na mto Columbia inachipuka jirani, kila mmoja upande wake wa kilima kimoja, na kazi iliyobaki ni kubeba mitumbwi nchi kavu kitambo kidogo. Tarehe 12 Agosti 1805 Lewis alifika juu kwenye kipito cha Lemhi akitarajia kuuona mteremko wa kuelekea baharini. Akaona milima mingine, safu baada ya safu, yenye theluji.

Aliporudi alimwandikia Jefferson hesabu bila kuipamba: kutoka Missouri hadi maji ya upande wa pili ni maili 340 za nchi kavu, sawa na kilomita 547 hivi. Kati ya hizo, maili 140 ni za milima ya kutisha, na 60 zina theluji isiyoyeyuka. Kwa hiyo tokeo la kwanza la kudumu la safari hii ni neno "hakuna". Hakuna njia ya maji. Ndoto iliyokuwa na umri wa karne kadhaa ilifutwa kwa barua moja.

Sasa linakuja jambo la ajabu. Walowezi walivuka kwenye kipito kiitwacho South Pass, katika Wyoming ya leo, chenye kimo cha mita 2,260 hivi. Lemhi ina mita 2,247. Kipito cha Lolo, ambako kundi la Lewis na Clark lilikaribia kufa njaa likala farasi wake, hakifiki hata mita 1,600. Yaani mlango wa walowezi ulikuwa juu kuliko milango yote miwili ya Lewis na Clark, na bado ndio uliokuwa rahisi.

Watazame makuli wanaopakia magunia kwenye lori. Kimo cha bodi ya lori hakibadiliki. Wakiegemeza ubao mfupi, mchukuzi anapanda akihema na miguu inateleza. Wakiegemeza ubao mrefu, anatembea tu. South Pass ni ubao mrefu. Kutoka mwamba wa Independence hadi kileleni ni kilomita 160 hivi kando ya mto Sweetwater, na katika umbali wote huo ardhi inapanda mita 400 na ushei, yaani chini ya mita 3 kwa kila kilomita. Kipito chenyewe si upenyo kati ya majabali. Ni uwanda mpana wa kilomita nyingi. John C. Frémont, mpelelezi wa jeshi la Marekani aliyepita hapo mwaka 1842, alipata shida kujua kilele hasa ni wapi, akaufananisha mpando wake na ule wa kilima cha Bunge mjini Washington.

Kwa maksai, tofauti hiyo ni ya uhai. Gari lenye mzigo, tuseme la tani 1, likipanda mahali panapoinuka mita 1 kwa kila mita 10, linavuta kurudi nyuma kwa uzito wa kilo 100 hivi, mbali na msuguano wa magurudumu. Kwenye mwinamo wa mita 3 kwa kilomita, uzito huo ni kilo 3. Aliyewahi kusukuma mkokoteni wa maji anajua ni tofauti ya namna gani. Na kupanda ni nusu tu ya shida. Kwenye mteremko mkali gari hulazimika kufungwa magurudumu kwa mnyororo yasizunguke, au kufungiwa gogo nyuma liburute, au kushushwa kwa kamba polepole. Ubavuni mwa mlima hali ni mbaya zaidi: farasi huchagua pa kuweka kila kwato, lakini gari linataka magurudumu ya kushoto na kulia yawe karibu usawa mmoja, la sivyo linapinduka.

Njia ya Lolo ina maovu hayo yote. Korongo la mto Lochsa ni jembamba mno, kwa hiyo njia inapanda ikafuata mgongo wa mlima, unaoshuka na kuinuka tena na tena. Tarehe 15 Septemba 1805 kundi lilipanda kutoka mtoni hadi mgongoni, kama mita 1,000 kwa siku moja; farasi kadhaa walibingirika, mmoja akiwa na dawati dogo la Clark, likavunjika. Juni 1806, wakirudi, walikuta theluji yenye kina cha zaidi ya mita 3 wakageuka nyuma, hadi walipopata waonyesha njia wa Nez Perce, kabila la wenyeji wa huko. Luteni John Mullan aliikagua njia hiyo mwaka 1854 na kuikataa. Barabara ya kisasa ya kupita Lolo ilikamilika mwaka 1962.

Si kwamba njia ile ilikuwa mbovu kwa kila mtu. Wanez Perce waliitumia kwa farasi kwenda kuwinda nyati mashariki. Mwaka 1877 mamia yao, wazee na watoto wakiwamo, waliivuka na farasi wapatao 2,000 wakilikimbia jeshi la Marekani. Walowezi walioipita wakielekea magharibi huwapati. Wenyeji walioipita wakihamishwa ndio hao.

Kilichodumu zaidi ni ramani. Clark aliuelekeza mshale wa dira, akakadiria umbali hadi pindo linalofuata la mto, akaandika, kisha akarudia hivyo kwa maelfu ya kilomita. Alipofika Pasifiki jumla yake kutoka mdomo wa Missouri ilikuwa maili 4,162. Mara nyingi husemwa alikosea kwa maili 40 tu, lakini dai hilo lichukuliwe kwa tahadhari: Missouri umehama kitanda mara nyingi tangu hapo, na huwezi kuupima tena mto ule ule. Pia hakuichora peke yake. Mzee wa Nez Perce aliyeitwa Twisted Hair aliwachorea mito juu ya ngozi nyeupe ya paa mkubwa, na miaka iliyofuata Clark, akiwa St. Louis, aliongeza habari za wawindaji wa manyoya kama John Colter. Ramani hiyo ilichapishwa mwaka 1814, na safu za milima zilionekana zikiwa nyingi, si kilima kimoja.

Ila kwenye kona moja ndoto ya zamani ilirudi kwa mlango wa nyuma. Kundi lilipita mdomo wa mto Willamette bila kuuona, wakienda na wakirudi, kwa sababu visiwa vimeuziba. Wenyeji walipowaeleza, Clark alirudi Aprili 1806, akamlipa mtu mmoja kioo cha kuwashia moto ili amwongoze, akapanda mto kilomita chache tu. Kisha akakisia kwamba ndio unaokusanya maji ya nchi yote pana ya kusini, akauchora ukipenya kusini-mashariki hadi karibu na vyanzo vya mito ya Milima ya Rocky. Willamette halisi una urefu wa kilomita 300 hivi. Watu waliendelea kuutafuta mto mkubwa wa kuvuka eneo hilo hadi mwaka 1844, Frémont alipolizunguka bonde kubwa la bara na kukuta maji yake hayatoki kwenda baharini popote.